Mkopo wa Serikali wa Masomo ya Juu: Mazungumzo kwa Wazazi na Vijana



Kila mwaka, baada ya majibu ya mtihani kutangazwa na wanafunzi kupangiwa vyuo, barua ya kuitwa chuoni huingia katika nyumba nyingi za Kenya. Siku hiyo mama hupiga vigelegele, na jirani huja kutoa mkono wa pongezi. Halafu husomwa ukurasa wa pili, ule wenye hesabu ya karo, na watu wote nyumbani hunyamaza.

Mazungumzo haya yahusu kimya hicho. Serikali ina fedha ilizoziweka kwa ajili ya vijana wa namna hiyo. Lakini wako watoto wa maskini wanaozikosa, au wanaopewa chini ya haki yao, kwa sababu umaskini wa kwao haukuandikwa sawasawa katika karatasi. Mtu aweza kuwa mhitaji machoni pa kijiji kizima, na machoni pa ofisi akaonekana mwenye mali. Ofisi haioni nyumba wala shamba. Huona karatasi tu.

Jambo hili la karatasi si geni. Mkopo wa kwanza wa Serikali kwa masomo ya juu ulianzishwa mwaka 1952, wakati wa utawala wa Waingereza, kwa ajili ya Wakenya waliokwenda kusoma nje ya Afrika ya Mashariki, katika nchi kama Uingereza, Marekani, Urusi, Bara Hindi na Afrika ya Kusini. Aliyetaka mkopo huo alitakiwa kuweka dhamana, yaani hati ya kumiliki shamba, au barua ya mdhamini, au hati ya bima. Basi msikilizaji na ajiulize: mwaka 1952 ni mkulima gani Mwafrika katika sehemu za akiba aliyekuwa na hati ya shamba lake? Kazi kubwa ya kupima mashamba ya Waafrika na kuyaandikisha ilianza baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Mtu alikuwa na ardhi aliyorithi kwa baba na babu, na mipaka yake ilijulikana na wazee wote wa ukoo, lakini hakuwa na karatasi. Kwa hiyo mlango ulikuwa wazi, lakini ufunguo ulikuwa mikononi mwa wachache.

Wengine walitafuta njia nyingine. Mwezi wa Septemba mwaka 1959 ndege ya kwanza ya mpango wa marehemu Tom Mboya iliwachukua vijana 81 kwenda Marekani. Nauli ilichangwa na marafiki huko Marekani, na pesa za matumizi zilichangwa vijijini huku: huyu alitoa mbuzi, yule shilingi tano, mwingine akauza gunia la mahindi. Hawakuombwa hati ya shamba. Waliulizwa kama kijana amefaulu, na kama watu wa kwao wako tayari kumsaidia.

Baada ya uhuru mkopo ule wa mwaka 1952 ulisimamishwa, kwa kuwa nafasi za kusomeshwa bure zilikuwa nyingi na wanafunzi walikuwa wachache. Serikali ilimlipia mwanafunzi karo na kumpa na pesa za mfukoni. Lakini kufika miaka ya 1970 wanafunzi walikuwa wamezidi, na hazina haikuweza tena. Ndipo katika mwaka wa masomo wa 1974 na 1975 mpango mpya wa mikopo ukaanzishwa, ukiendeshwa na Wizara ya Elimu, kwa ajili ya Wakenya waliokuwa wakisoma katika vyuo vikuu vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam.

Mpango huo ulikuwa na kasoro moja kubwa iliyougharimu. Hapakuwa na sheria madhubuti ya kuwafuata wakopaji, na wanafunzi wenyewe pamoja na wazazi wao walidhani kwamba pesa zile zilikuwa zawadi ya Serikali. Mtu alimaliza masomo, akapata kazi na nyumba, na asirudishe hata senti moja. Hakuna haja ya kuwalaumu sana watu wa wakati ule, kwa maana waliowatangulia walisomeshwa bure, na tofauti ya mkopo na zawadi haikuelezwa kwa sauti kubwa. Lakini hasara ilikuwa kubwa, na ndiyo sababu mwaka 1995 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ile inayojulikana na watu wote kwa jina la HELB. Bodi hiyo ilipewa kazi mbili: kuwakopesha wanafunzi wapya, na kudai madeni ya wale wa zamani.

Wazazi wenye watoto wakubwa huukumbuka utaratibu uliofuata. Mwanafunzi aliyepelekwa na Serikali katika chuo kikuu cha umma alilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, Serikali ikalipa gharama nyingine moja kwa moja kwa chuo, na Bodi ikamkopesha mwanafunzi, kwa kawaida kati ya shilingi 35,000 na 60,000 kwa mwaka. Kumbukumbu hiyo ya shilingi 16,000 ndiyo inayowashtua wengi leo. Mzazi aliyemsomesha kifungua mimba kwa karo hiyo husoma barua ya kitinda mimba na kudhani kwamba karani ameongeza sifuri kwa makosa.

Karani hakukosea. Tarehe 3 Mei mwaka 1923 haikuwa siku hiyo, wala si habari ya zamani. Ni tarehe 3 Mei mwaka 2023 ambapo Rais William Ruto alitangaza mpango mpya. Chini ya mpango huo gharama ya kila somo huandikwa yote kamili katika barua, halafu hugawanywa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni ufadhili, yaani fedha za Serikali zisizorudishwa, na hizo hutolewa na Mfuko wa Vyuo Vikuu. Fungu la pili ni mkopo wa Bodi. Fungu la tatu hulipwa na jamaa ya mwanafunzi. Ukubwa wa kila fungu hutegemea uwezo wa nyumba anayotoka.

Mwaka 2024 wanafunzi walipangwa katika makundi matano, ambayo vijana huyaita bendi. Kundi la kwanza lilikuwa la nyumba zenye mapato yasiyozidi shilingi 5,995 kwa mwezi. La pili lilifika shilingi 23,670, la tatu shilingi 70,000, la nne shilingi 120,000, na la tano lilikuwa la wale wanaozidi hapo. Mwanafunzi wa kundi la kwanza alipewa ufadhili wa 70 katika mia, mkopo wa 25 katika mia, na nyumbani kwao wakatakiwa kulipa 5 katika mia. Yule wa kundi la tano alipewa ufadhili wa 30, mkopo wa 30, na nyumbani wakalipa 40.

Hesabu hizi huwa ngumu zikiachwa hewani. Chukulia somo ambalo gharama yake ni shilingi 200,000 kwa mwaka. Kijana wa kundi la kwanza atalipiwa 140,000 zisizorudishwa, atakopeshwa 50,000, na nyumbani watatafuta 10,000. Kijana wa kundi la tano atalipiwa 60,000, atakopeshwa 60,000, na nyumbani watatafuta 80,000. Darasa ni lile lile, na mwalimu ni yule yule. Basi fikiri mtoto wa mama muuza mboga ambaye kwa makosa ya karatasi amewekwa katika kundi la tano. Kati ya shilingi 10,000 na shilingi 80,000 ndipo masomo ya mtoto huyo yanapokatika.

Tena liko jambo ambalo wengi hawalitambui mpaka siku ya kulipa. Pesa za matumizi ya mwanafunzi, yaani chakula, malazi na vitabu, nazo ni mkopo. Katika mwaka 2024 kundi la kwanza lilitengewa shilingi 60,000 za matumizi kwa mwaka, na kundi la tano shilingi 40,000. Kwa hiyo yule kijana wa kundi la kwanza hakopi 50,000 tu. Hukopa 110,000 kwa mwaka, na kwa miaka minne huwa shilingi 440,000. Karo ya mkopo hupelekwa moja kwa moja chuoni, lakini pesa za matumizi humfikia mwanafunzi mwenyewe, na labda ndiyo sababu huonekana kama mshahara.

Sasa yafaa kuingia katika fomu yenyewe, kwa maana hapa ndipo penye kazi.

Siku hizi fomu hujazwa kwa kompyuta au kwa simu, katika mtandao wa Serikali. Kijana asiye na chombo hicho huenda sokoni, katika kibanda cha kompyuta, akamlipa mwenye kibanda amjazie. Haidhuru kuomba msaada wa mtu ajuaye mashine. Hatari huja kijana anapomwachia mtu huyo kujibu maswali. Mwenye kibanda ana foleni ya watu ishirini mlangoni. Haijui nyumba ya mwombaji. Akiulizwa na mashine baba anafanya kazi gani, huandika neno la kwanza linalomjia, "mfanyabiashara", na baba mwenyewe huuza ndizi mbivu kwenye kituo cha basi. Neno hilo moja laweza kuipandisha nyumba juu ya uwezo wake.

Maswali yenyewe ni mengi, na kila moja lina sababu. Huulizwa hali ya wazazi, kama wako hai, kama wanaishi pamoja, na kazi zao. Huulizwa idadi ya watu nyumbani, na ndugu wangapi wako shuleni na karo yao ni kiasi gani. Huulizwa kama mwombaji alilipiwa karo ya sekondari na mfadhili au alipata basari. Huulizwa kama ana ulemavu. Mahali anapotoka na somo alilopangiwa pia huangaliwa. Kijana wa miaka kumi na minane mara nyingi hajui nusu ya majibu haya. Hajui mshahara wa baba yake, kwa kuwa katika nyumba nyingi hilo si jambo la kuulizwa na mtoto. Kwa hiyo fomu yataka jioni moja ya kukaa pamoja, baba, mama na mtoto, na kusemezana mambo ambayo pengine hayajapata kusemwa nyumbani humo.

Na hapa pana haya. Wako wazee wanaoona ni fedheha kumwambia mtoto, sembuse Serikali, kwamba mapato ya mwezi hayafiki shilingi elfu sita. Mzee huyo huona afadhali aandikwe kuwa na elfu thelathini, ili heshima yake isimame. Heshima hiyo ni ya gharama kubwa, naye atailipa kila muhula. Wako na wengine wa upande wa pili, wenye maduka na magari, ambao huandika kwamba hawana kitu, na huhesabu jambo hilo kuwa werevu. Fedha za ufadhili zina kikomo, na kila shilingi inayochukuliwa na mwenye uwezo hutoka katika sahani ya asiye na uwezo. Tena maelezo ya fomu ni ya kuapa, na udanganyifu ndani yake ni kosa mbele ya sheria.

Baada ya majibu huja vyeti. Mwombaji hutakiwa kuwa na kitambulisho chake, ambacho wazee wengine bado hukiita kipande; nakala za vitambulisho vya wazazi; cheti cha kuzaliwa; nambari yake ya mtihani wa kidato cha nne; picha; na vitambulisho vya wadhamini wawili. Ikiwa mzazi amefariki, hutakiwa cheti cha kifo. Ikiwa alisomeshwa na mfadhili, hutakiwa barua ya mfadhili huyo.

Katika orodha hiyo, cheti cha kifo ndicho kinachowaumiza watu zaidi ya vingine. Wasikilizaji na wamfikirie mjane mmoja, ambaye mfano wake unapatikana katika kila lokesheni. Mumewe alifariki miaka tisa iliyopita. Alifia nyumbani, naibu wa chifu akaandikisha kifo na kutoa kibali cha kuzika, na maziko yakafanyika kwa heshima. Watu walipotawanyika, mjane aliitia karatasi ya kibali katika sanduku, akaamini kwamba mambo ya Serikali yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Kibali cha kuzika ni ruhusa ya kuzika tu. Cheti cha kifo huombwa kando, katika ofisi ya msajili wa vizazi na vifo, na mjane huyu hakupata kukiomba, kwa sababu hapakuwa na akaunti ya benki wala shamba lenye hati la kurithi. Katika miaka tisa hakuna aliyemwuliza cheti hicho. Leo mtoto wake anaitwa chuoni, na anayekiuliza ni mashine. Mtoto asipokuwa nacho, hana namna ya kuthibitisha kwamba nyumba yao ina mzazi mmoja. Kijiji kizima kilihudhuria maziko, lakini kwenye karatasi baba yungali hai.

Mjane wa namna hiyo asikate tamaa. Ikiwa kifo kiliandikishwa wakati wake, jina la marehemu limo katika vitabu, na kile kibali cha kuzika kilichomo sandukuni kitamsaidia msajili kulipata. Ikiwa hakikuandikishwa, na miezi sita imepita, huandikishwa kama kifo kilichochelewa, na shughuli yake ni ndefu zaidi, huanzia kwa naibu wa chifu na huhitaji ushahidi. Kwa vyovyote ni kazi ya majuma, huenda ikawa miezi, na muda wa kuomba mkopo haumngojei mtu. Kwa hiyo mjane mwenye mtoto wa kidato cha pili au cha tatu na aende mwaka huu. Asingoje barua ya chuo.

Baada ya cheti cha kifo, taabu ya pili ni majina. Mtoto huzaliwa, akaandikwa jina la babu. Hupelekwa shule, mwalimu akaandika jina la ubatizo mbele na kuliacha la babu. Huenda kuchukua kitambulisho, karani akasikia "r" akaandika "l". Mtu ni mmoja, lakini mbele ya mashine wamekuwa watatu. Pesa hupelekwa kwa jina, na jina lisipolingana na la akaunti au la nambari ya simu, hukwama njiani. Hata simu yapasa iandikishwe kwa jina la mwanafunzi mwenyewe, si la mjomba wala la rafiki. Mzazi na aviweke vyeti vyote mezani, avisome herufi kwa herufi mtoto angali shuleni, maana kosa la cheti cha mtihani ni vema lishughulikiwe kupitia kwa mwalimu mkuu mapema, kabla mtoto hajatoka na kutawanyika mbali.

Inakubalika pia kwamba si kila kosa hutoka kwa mwombaji. Katika mwaka 2023 na 2024 malalamiko yalikuwa mengi, ya yatima na watoto wa maskini waliosema kwamba wamewekwa katika makundi ya wenye uwezo. Serikali ilifungua nafasi ya rufani, na mwanafunzi aliyeona amepangwa vibaya aliruhusiwa kuomba hali yake iangaliwe tena. Watu wengine walikwenda mahakamani. Tarehe 20 Desemba mwaka 2024 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu alitoa hukumu kwamba mpango huo ulikwenda kinyume cha Katiba, kwa kuwa ulibagua na kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa vya kutosha kabla ya kuanzishwa. Mwaka 2025 Mahakama ya Rufani iliisimamisha hukumu hiyo wakati rufani ikingojewa. Mwaka huo huo karo za masomo katika vyuo vya umma zilipunguzwa. Ni dhahiri basi kwamba hesabu zaweza kubadilika, na mzazi asitegemee alichoambiwa na jirani aliyemsomesha mtoto mwaka juzi. Habari za mwaka wenyewe hupatikana kwa Bodi, na kwa wale wasioweza kufika Nairobi, Bodi ina meza zake katika Vituo vya Huduma kwenye kaunti.

Mwenye kukata rufani asende na machozi matupu. Na apeleke lile jambo ambalo fomu ya kwanza ililikosa: cheti cha kifo kilichochelewa, barua ya hospitali ya mzazi mgonjwa, karatasi ya karo ya ndugu watatu walioko sekondari. Na asimpe mtu yeyote pesa kwa ahadi ya kwamba atahamishwa kundi. Watu wenye ahadi hizo huonekana kila msimu wa maombi, kama kumbikumbi baada ya mvua.

Kuhusu deni lenyewe, maneno machache yatatosha, kwa kuwa sheria yake ni wazi. Mkopo wa shahada ya kwanza una riba ya 4 katika mia kwa mwaka, ambayo ni nafuu kuliko ya benki yoyote. Mkopaji hupewa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, kisha hutakiwa kuanza kulipa. Akiajiriwa, mwajiri hukata katika mshahara na kupeleka kwa Bodi. Asiyelipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi, na jina lake laweza kupelekwa katika orodha ya wasiolipa madeni, ambayo mabenki huisoma kabla ya kumkopesha mtu.

Penye ugumu ni kwa yule aliyemaliza na asiyepata kazi, na wa namna hiyo ni wengi. Faini ya shilingi 5,000 kwa mwezi ni shilingi 60,000 kwa mwaka, na yule wa deni la shilingi 440,000 riba yake ya mwaka mmoja ni shilingi 17,600 tu. Yaani kinachomlemea ni faini, si riba. Wengi waliojikuta hapo walinyamaza, wakabadili nambari za simu, wakajificha kama mtu aliyeiba. Afadhali kijana wa namna hiyo aiandikie Bodi mapema, aeleze kwamba hana kazi, na aombe mapatano ya kulipa kidogo kidogo. Aliyekopa si mwizi, na ofisi humshughulikia kwa urahisi zaidi mtu anayejitokeza kuliko anayetafutwa.

Mwenye kumaliza deni lake hupewa cheti cha kuthibitisha kwamba hadaiwi. Waajiri wengi, hasa Serikali, hukitaka cheti cha Bodi kabla ya kumwandika mtu kazi, hata kama mtu huyo hakukopa kamwe, maana yeye naye huthibitishiwa kwamba jina lake halimo katika vitabu.

Hayo yote ni ya wanafunzi wa vyuo vikuu, lakini Bodi huwakopesha pia vijana wa vyuo vya ufundi. Fundi wa umeme, mshonaji, na mpishi wa hoteli wana haki ya kuomba sawa na mwanasheria. Inasikitisha kuona vijana waliopata gredi ya D wakikaa nyumbani kwa kudhani kwamba fedha hizi ni za wenye gredi ya C+ na kupanda juu.

Jambo la mwisho ni dogo, nalo limewaponza wengi waliokwisha kupita katika taabu zote zilizotajwa. Mkopo hauombwi mara moja tu. Mwaka wa pili ukifika, mwanafunzi hutakiwa kuomba tena, na wa tatu vivyo hivyo, na wa nne. Fomu za miaka hiyo ni fupi, na vyeti havitakiwi upya vyote, lakini zina tarehe yake ya mwisho. Kijana aliye chuoni hukumbuka mitihani na kuisahau tarehe hiyo. Hushtuka muhula unapofunguliwa na jina lake halimo. Mzazi aliyeko nyumbani aweza kumsaidia hata kama hajui kusoma. Na ampigie simu, amwulize kama ameomba ya mwaka ujao.